Kuchangia Viungo Baada ya Kufa: Wanazuoni Wamesema Nini, na Familia Zetu Zizungumze Vipi

 

Familia nyingi za visiwani zina mtoto, ndugu au shemeji anayeishi Uingereza. Simu ya usiku kutoka huko huwa haina kheri. Kijana amepata ajali au damu imevuja kwenye ubongo, na yuko chumba cha mahututi kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wanasema hakuna tena la kufanya. Kisha anakuja muuguzi, anakaa na mke wake kwa upole, na kumuuliza: je, mumeo aliwahi kusema lolote kuhusu kuchangia viungo vyake?

Mke anapiga simu nyumbani. Mama yuko Wete, ami yuko Mombasa, kaka yuko Muscat. Kila mmoja anauliza mambo mawili: jambo hili linajuzu? Na yeye mwenyewe alitaka nini? Swali la kwanza wanazuoni wamelijibu kwa miaka mingi. La pili, mwenye jibu lake hawezi tena kusema.

Makala hii tumeiandika ili familia zetu zisikutwe na maswali hayo mawili kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha mahututi. Tutaeleza sheria ya Uingereza ilivyo, kwa nini wagonjwa wa jamii zilizo chache wanasubiri zaidi, wanazuoni wamesema nini, na jambo hili lifikishwe vipi kwa watu wetu bila kuwavunjia heshima wala kuwatisha.

Sheria ya Uingereza: ukinyamaza, umehesabiwa

Zamani Uingereza mtu alihesabiwa mchangiaji akiwa amejiandikisha, au familia yake ikikubali baada ya kifo chake. Sheria hiyo imebadilika. Wales ilianza tarehe 1 Desemba 2015, England tarehe 20 Mei 2020, Scotland tarehe 26 Machi 2021, na Ireland ya Kaskazini tarehe 1 Juni 2023. Sasa mtu mzima ambaye hakuandika kuwa anakataa huhesabiwa kuwa amekubali.

Kuna wasioingia katika hesabu hiyo. Kwa England ni watoto walio chini ya miaka 18, mtu asiye na uwezo wa akili wa kuielewa sheria hiyo, wageni wanaopita, na yule ambaye hajatimiza miezi 12 ya kuishi nchini kabla ya kufa. Mama aliyekwenda kumuangalia mjukuu kwa miezi mitatu hahusiki. Lakini binti yetu aliyeolewa huko na kuishi miaka kumi anahusika, ajue au asijue.

Hata hivyo hospitali haichukui kiungo kimyakimya. Wauguzi maalumu hukaa na familia kwanza, huuliza marehemu alikuwa na msimamo gani na dini yake inasemaje. Familia ikieleza kuwa marehemu hakutaka, husikilizwa. Tatizo ni kwamba familia nyingi hazijui marehemu alitaka nini, na katika hali ile ya msiba mtu hukosa pa kushika. Baadhi hukataa kwa khofu, baadhi hukubali kwa haya, kisha wote hubaki na duku duku kwa miaka.

Mtu akiwa hai anaweza kufanya moja kati ya matatu: kujiandikisha kuwa anakubali, kujiandikisha kuwa hakubali, au kumteua mtu wa kumuamulia. Anayekubali anaweza kutaja viungo gani anatoa na vipi hatoi. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2018, anaweza pia kuweka alama kwenye fomu kuwa anataka wauguzi wazungumze na familia yake ili jambo liende kwa mujibu wa imani yake. Alama hiyo ndogo haikuwekwa bure. Iliwekwa kwa sababu watu wa dini, wakiwemo Waislamu, waliuliza: nani atalinda maiti yangu?

Kwa nini wagonjwa wetu wanasubiri zaidi

Figo ndicho kiungo kinachohitajika zaidi. Kisukari na presha ndizo sababu kubwa za figo kufa, na maradhi haya mawili yamewaandama sana watu wenye asili ya Afrika, Asia Kusini na Karibea. Uingereza, kiasi cha theluthi moja ya wanaosubiri figo ni wa jamii hizo zilizo chache. Ukitazama upande wa wanaotoa viungo baada ya kufa, watu wa jamii hizo hawafiki sehemu hiyo hata kidogo.

Hapo mtu atasema: kiungo ni kiungo, kitoke kwa nani kisitoke kwa nani. Ni kweli, figo ya Mzungu inaweza kumfaa mtu wa Pemba, na mara nyingi humfaa. Lakini figo lazima ioane na mgonjwa kwa kundi la damu na kwa alama za chembe za mwili ambazo tunazirithi kwa wazazi. Watu wa asili moja hukaribiana zaidi katika alama hizo. Kundi B la damu, kwa mfano, ni la kawaida zaidi kwa watu wa Afrika na Asia Kusini kuliko kwa Wazungu. Basi ikiwa watu wa asili yetu wanaotoa ni wachache, mgonjwa wa asili yetu hukaa kwenye foleni muda mrefu zaidi, siku tatu kwa wiki akiwa amefungwa kwenye mashine ya kusafisha figo. Wengine ajali yao hufika wakiwa foleni.

Jambo jingine watu hawalijui: si kila anayekufa anaweza kuchangia. Uingereza ni kiasi cha mtu mmoja kati ya 100 wanaokufa ndiye hufa katika hali inayowezesha viungo vyake kutumika, nayo mara nyingi ni kufia chumba cha mahututi. Kwa hiyo kila familia inayoulizwa swali lile imeulizwa jambo adimu.

Daktari aliyeuliza badala ya kulaumu

Kabla ya kufika kwa Waislamu wa Uingereza, ni vizuri tujue jambo hili lilianza vipi kwa jamii nyingine iliyo chache, nayo ni watu weusi wa Marekani.

Miaka ya 1970 madaktari wengi huko walikuwa wakilalamika kuwa watu weusi hawataki kuchangia viungo, ilhali ndio wagonjwa wengi wa figo. Dk. Clive Callender, bingwa wa upasuaji wa kupandikiza viungo katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, naye ni mtu mweusi, hakutosheka na lawama. Aliwaweka pamoja watu weusi wapatao 40 akawauliza sababu zao na kuwasikiliza. Sababu zilikusanyika katika mafungu matano. Kwanza, hawakuwa na habari kuwa tatizo ni kubwa kwa watu wao. Pili, imani na khofu za kidini. Tatu, hawakuwaamini madaktari. Nne, waliogopa kuwa wakijiandikisha, wataachwa wafe haraka ili vichukuliwe viungo. Tano, walitaka viungo vyao viende kwa watu weusi, kwa vile hawakuona uadilifu katika ugawaji.

Khofu ile ya tatu ilikuwa na mizizi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, serikali ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, wakiugua kaswende bila tiba ili tu waangaliwe maradhi yanavyokwenda. Mtu wa jamii hiyo akiambiwa "tuamini", ana haki ya kuuliza maswali.

Callender alijibu maswali hayo kwa kuwatuma watu waliofanana na wasikilizaji: madaktari weusi, wagonjwa waliopata figo, na familia zilizotoa. Walikwenda makanisani na mitaani, wakakaa ana kwa ana. Kazi hiyo ilianza jijini Washington mwaka 1982, na mwaka 1991 ikawa mpango wa nchi nzima ujulikanao kwa kifupi kama MOTTEP. Tunalolitoa hapo ni hili: watu hawakuwa wagumu wa moyo. Walikuwa na maswali ya haki ambayo hakuna aliyeyajibu.

Waislamu wa Uingereza walipoanza na fatwa

Kwa Waislamu, swali la kwanza ni la halali na haramu. Karatasi yenye picha ya familia inayotabasamu hailijibu. Mwaka 1995 Baraza la Sharia la Waislamu wa Uingereza, chini ya Dk. Zaki Badawi, lilitoa fatwa ya kuruhusu: Muislamu anaweza kubeba kadi ya kuchangia, jamaa wanaweza kutoa ruhusa ikiwa marehemu hakuacha kadi, kifo cha shina la ubongo kikubaliwe kuwa ni kifo, na kuuza viungo ni haramu.

Fatwa ile iliwatosha baadhi na haikuwatosha wengine. Wengi wa Waislamu wa Uingereza asili yao ni Pakistan, India na Bangladesh, nao hufuata wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi ambao wengi wao walikataza. Kwao fatwa isiyojadili hoja za masheikh wao ilikuwa kama haikutolewa. Ndipo mwaka 2019 Mufti Mohammed Zubair Butt, ambaye amesoma katika njia hiyohiyo ya Kihanafi na kufanya kazi ya uimamu hospitalini, alipotoa utafiti mrefu. Alizipitia hoja za pande zote, akachambua wakati gani mtu huhesabiwa amekufa, na akaruhusu kwa masharti.

Huduma ya damu na viungo ya Uingereza nayo ilijifunza. Ilianza kuzipa fedha jumuiya za kijamii na za kidini ili ziifanye kazi hiyo zenyewe, misikitini na majumbani, kwa lugha zao. Maimamu wa hospitali wakafundishwa mambo ya kitabibu, na wauguzi nao wakafundishwa mambo ya maiti ya Muislamu. Kazi bado haijakamilika. Familia za jamii zilizo chache zinazokubali zinapoulizwa bado hazifiki nusu, ilhali kwa Wazungu ni kiasi cha theluthi mbili. Lakini mazungumzo yamefunguka ndani ya misikiti ambayo zamani isingelitaja jambo hili.

Kauli za wanazuoni

Sisi hatutoi fatwa mpya hapa. Tunanukulu mafungu ya kauli zao ili msomaji ajue asimame wapi na amuulize nani.

Walioruhusu kwa masharti ndio wengi katika mabaraza ya zama zetu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu lililoko Makkah liliruhusu mwaka 1985. Baraza Kuu la Wanazuoni la Saudi Arabia lilikuwa limeruhusu tangu 1982. Majma'u ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah, iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao cha Februari 1988 iliruhusu kuhamisha kiungo cha maiti kwa mtu aliye hai ikiwa uhai wake, au kazi ya msingi ya mwili wake, vinategemea kiungo hicho. Sharti ni kuwa marehemu awe ameridhia kabla ya kufa au warithi wake waridhie baada yake. Majma'u hiyo iliharamisha kuuza, na mwaka 1990 ikaharamisha kupandikiza viungo vinavyobeba nasaba, yaani korodani na ovari.

Hoja yao kubwa ni aya ya 32 ya Suratul Maida, ambamo Allah Ametufahamisha kuwa mwenye kuinusuru nafsi moja ni kama aliyewanusuru watu wote. Nyingine ni kanuni inayojulikana kuwa dharura hulegeza yaliyokatazwa kwa kadiri yake. Na kwetu sisi tuliosoma fiqhi ya Shafi'i, mifano ya zamani ipo. Imam an-Nawawi na wengine wametaja kuwa mja mzito akifa na mtoto tumboni yuko hai na anatarajiwa kuishi, tumbo la maiti hupasuliwa atolewe. Wametaja pia kuwa aliyefikwa na njaa ya kufa asipate ila mwili wa maiti, anaruhusiwa kula cha kumbakisha hai. Heshima ya maiti ni kubwa, lakini waliuona uhai wa aliye hai kuwa na uzito zaidi.

Waliokataza nao si wachache wa elimu. Wamo Mufti Muhammad Shafi' wa Pakistan, Sheikh Ibn 'Uthaymin wa Saudi Arabia, na Sheikh Muhammad Mutawalli ash-Sha'rawi wa Misri. Hoja zao ni kuwa mwili ni amana ya Allah, mtu haumiliki hata autoe, na kuwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), katika Hadithi ya Bibi 'Aisha (Radhiya Allahu 'anha) iliyopokewa na Abu Dawud, amelinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Walioruhusu wakajibu kuwa Hadithi hiyo inakataza udhalilishaji na uharibifu usio na haja, na kupasua kwa ajili ya kuokoa ni jambo jingine.

Kisha ipo khilafu ndani ya walioruhusu: kifo ni nini? Majma'u ya Jeddah, ilipokutana Amman mwaka 1986, ilikubali kuwa mtu amekufa ikiwa moyo na pumzi vimesimama moja kwa moja, au kazi zote za ubongo zimesimama moja kwa moja na ubongo umeanza kuharibika, kwa ushahidi wa madaktari mabingwa. Baraza la Makkah mwaka 1987 lilisema mashine inaweza kuondolewa katika hali hiyo ya ubongo, lakini mtu asihukumiwe amekufa mpaka moyo na pumzi visimame. Msomaji anayefuata kauli hii ya pili ajue kuwa kuna uchangiaji unaofanywa baada ya moyo kusimama, na anaweza kuieleza familia yake kuwa anakubali kwa sharti hilo.

Mwenye kutulizana moyo na kauli ya kuruhusu, asimlaumu anayejizuia. Na anayejizuia asimuite mwenzake mpotevu. Hili ni jambo la ijtihadi.

Maswali yanayoulizwa sana

Je, nitafufuliwa nikiwa na upungufu?
Tukumbuke ndugu zetu wa MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012. Wengi walichukuliwa na bahari na hatukuwazika. Hakuna mzee yeyote wa visiwani anayetia shaka kuwa Allah Atawafufua wakiwa kamili. Aliyeumba mara ya kwanza Hashindwi kurejesha.

Je, maiti ataoshwa, kukafiniwa na kuswaliwa?
Ndiyo. Viungo hutolewa katika chumba cha upasuaji, na mwili hushonwa kama wa mgonjwa aliyepasuliwa. Kisha familia hukabidhiwa mwili wake. Huoshwa kwa upole, mahali palipopasuliwa panazibwa, huvishwa sanda na kuswaliwa kama kawaida.

Je, maziko yatachelewa?
Yanaweza kuchelewa. Vipimo, kuwatafuta wagonjwa wanaooana na kuandaa upasuaji huchukua saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi tangu familia kukubali. Wauguzi wakijua kuwa familia ni ya Kiislamu hujitahidi, lakini asiahidiwe mtu kuwa hakutakuwa na ucheleweshaji. Familia inaweza kuuliza muda mapema na kuamua.

Je, madaktari wataniacha nife wakijua nimejiandikisha?
Madaktari wanaomtibu mgonjwa ni wengine na wanaoshughulikia viungo ni wengine. Suala la viungo huletwa baada ya matumaini ya tiba kukatika. Hata hivyo, hatuwacheki wanaoogopa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibainika Uingereza kuwa viungo vya watoto waliokufa vilihifadhiwa hospitalini bila wazazi kujua. Nchi ilitikisika, na sheria mpya ya mwaka 2004 ikafanya ridhaa kuwa msingi. Khofu ilikuwa na sababu; ndiyo maana ulinzi wa sasa upo.

Je, nikichagua, figo yangu itampata Muislamu?
Mchangiaji aliyefariki hachaguliwi wala hachagui kwa dini. Hugawiwa kwa haja na kwa kuoana. Vivyo hivyo Muislamu aliyeko foleni leo hupokea moyo au ini la asiyekuwa Muislamu, na hatujasikia familia iliyorudisha. Hili tunalitaja kwa kutafakari, si kwa kumuaibisha mtu.

Je, naweza kulipwa?
Hapana. Kuuza kiungo ni haramu kwa kauli ya mabaraza yote tuliyoyataja, na ni kosa la jinai Uingereza. Anayekutafutia mnunuzi wa figo, awe rafiki au dalali wa mtandaoni, mkimbie.

Namna ya kulifikisha jambo hili

Kwa maimamu, maalimu wa madrasa, na viongozi wa jumuiya zetu huko ughaibuni, tunashauri mambo haya.

Anzeni kwa kusikiliza. Ukiingia msikitini ukasema "watu wetu hawatoi", umeshawafunga. Waulize wanaogopa nini, andika majibu yao, kisha yajibu moja moja.

Mleteni sheikh na daktari wakae meza moja. Sheikh hawezi kueleza shina la ubongo, na daktari hawezi kueleza ridhaa ya warithi. Watu wakiwaona wote wawili wanajibizana kwa adabu, huamini zaidi.

Msiwasahau kina mama. Katika nyumba zetu nyingi, uamuzi wa msiba hutangazwa na wanaume lakini huamuliwa jikoni. Darasa la wanawake baada ya Ijumaa, au kikao cha maulidi, lina nguvu kuliko karatasi elfu moja. Kina mama wakizungumza kwa Kiswahili chao, watauliza yale ambayo hawatayauliza kwa Kiingereza mbele ya muuguzi.

Mleteni aliyeguswa. Mtu aliyekaa miaka minne kwenye mashine ya kusafisha figo kisha akapata figo, akieleza alivyokunywa gilasi nzima ya maji kwa mara ya kwanza bila kuhesabu, hahitaji takwimu.

Msijaze fomu mlangoni. Mtu apewe nafasi ya kwenda nyumbani, kuzungumza na mwenzake, kumuuliza sheikh wake. Anayesaini kwa haya leo, familia yake itapinga kesho. Na semeni wazi kuwa kukataa ni haki pia, na kunaandikwa pia. Watu wakijua mlango wa kutoka upo, huingia bila khofu.

Msitumie msiba wa mtu. Siku ya khitma si siku ya kufanya kampeni.

Na sisi tulioko nyumbani

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akasema: haya ni ya Uingereza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, simu ile ya usiku inapigwa kwetu. Mama wa Wete anaweza kuwa ndiye sauti inayoamua hospitalini London. Akiwa amezungumza na mwanawe mapema, atasema kwa utulivu: "Mwanangu aliniambia anataka," au "aliniambia hataki."

Pili, figo zinakufa hapa pia. Wagonjwa wetu wanasafishwa damu Mnazi Mmoja, na upandikizaji wa figo ulianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Huku anayetoa ni ndugu aliye hai. Wanazuoni walioruhusu wanashurutisha kuwa asidhurike dhara kubwa, atoe kwa hiari yake, na asilipwe. Sharti la hiari linahitaji uangalifu katika nyumba zetu. Kijana mdogo asikalishwe mbele ya wazee akaambiwa "ndugu yako atakufa" mpaka aseme ndiyo. Apewe nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake. Akisema hapana, asitengwe.

Na kabla ya yote, tupime sukari na presha. Figo bora kwa mtu ni ile aliyozaliwa nayo.

La kufanya wiki hii

Kwa aliyeko Uingereza: soma, muulize mwanachuoni unayemuamini, kisha andikisha uamuzi wako, uwe wa kukubali, wa kukataa, au wa kumteua mtu. Ikiwa moyo wako umetulia na kauli ya kuruhusu, tunakuhimiza ujiandikishe, uweke alama ya imani, na utaje masharti yako. Kwa hesabu ya huduma ya afya ya huko, mchangiaji mmoja anaweza kuwafaa hadi watu 9.

Kisha piga simu nyumbani. Mwambie mama, baba, mume au mke, kwa maneno machache yasiyo na utata. Uandike na katika wasia wako, pamoja na madeni yako na unakotaka kuzikwa. Kwa aliyeko nyumbani: usimkatize mwanao kwa kusema "usitaje mauti." Mauti yametajwa tangu siku tuliyozaliwa. Msikilize mpaka amalize.

Tunamuomba Allah Awaponye wagonjwa wetu, Awarehemu waliotutangulia, na Atujaalie khatima njema. Na Allah Anajua zaidi.